Okidi ya Magdalena na Tawi la Mringaringa

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 2 Agosti 2022, majani manne ya okidi yalikuwa yameanguka chini ya mti wa mringaringa. Siku iliyotangulia yalikuwa mawili.

Godbless aliyaona alipopita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliutua mzigo, akayahesabu, kisha akaenda bandani kukamua. Baada ya kukamua alikagua kahawa. Kila asubuhi kazi zake zilifuatana hivyo. Shamba lake la Akheri lilikuwa ekari moja na robo. Lilikuwa na kahawa, migomba, na miringaringa mitatu iliyoachwa iwe kivuli cha kahawa.

Okidi ilining'inia chini ya mringaringa mmojawapo, ndani ya kikapu cha waya. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wake Magdalena, aliyekuwa amefariki wiki nane kabla.

Magdalena alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika shamba moja la maua huko Usa River. Siku alipoacha kazi, msimamizi wake alimpa mmea huo.

"Okidi nyingi zina udume na ujike ndani ya ua moja," alimwambia. "Hii sivyo. Hii hutoa maua dume peke yake na maua jike peke yake. Ukiitunza vizuri utayaona yote mawili."

Kwa miaka mitano Magdalena aliona maua dume tu. Yalikuwa ya rangi ya hudhurungi, yenye mdomo wa njano. Katikati ya kila ua kulikuwa na kijiti chembamba kama sharubu ya panzi. Ukikigusa, ua lilirusha vifuko viwili vidogo vya chavua kwa nguvu, navyo vilinata popote vilipotua. Magdalena alipenda kuwaita wageni waje kulijaribu. Siku moja jirani yao Evaresta aliinama karibu mno.

"Mama Diana!" alipiga kelele, chavua imemganda puani. "Ua lako limenitemea mate!"

"Limekuposa hilo, shoga," Magdalena alisema. "Ni dume."

Godbless alikuwa anapita na panga. "Dume kweli," alisema. "Evaresta, mpapai dume ukiota kwako unaufanyaje?"

"Naukata, shemeji. Utanifaa nini?"

"Umesikia, mama Diana? Jirani yako ana akili."

"Huu si mpapai," Magdalena alijibu. "Unataka mwanga. Hapa pana giza. Nikatie lile tawi moja tu."

"Kahawa inataka kivuli. Sikati tawi kwa ajili ya ua lisiloliwa."

"Basi nitundikie pale mlangoni pa banda. Kuna jua la asubuhi."

Godbless alilitundika. Siku ya pili mzigo wa majani uliligonga, naye akalirudisha chini ya mringaringa. Magdalena alipouliza, alimjibu mbele ya Evaresta:

"Siku hilo dume likizaa, mimi Godbless nitaingia jikoni nipike loshoro wiki nzima."

Wanawake wale walicheka hadi wakashikana mikono. Loshoro ni mahindi na maziwa ya mgando, na Godbless hakuwahi kusonga wala kukoroga kitu chochote. Hata chumvi inapokaa hakupajua.

Mara nne Magdalena aliomba lile tawi likatwe. Sasa Godbless aliweza kuikumbuka kila mara, na jibu alilolitoa.

Agosti ile, majani yalipoanguka, alidhani mmea una kiu. Alichukua kikombe akaumwagilia. Jioni akaumwagilia tena. Alifanya hivyo kila siku kwa siku kumi na nane. Siku ya tano aliongeza maji ya samadi.

Jumamosi tarehe 20, binti yake Diana alikuja kutoka mjini, kata ya Sokon I, alikopanga chumba karibu na kazi yake. Alikishika kikapu. Mmea ulikuwa na mashina manne manene, kila moja nene kuliko kidole gumba. Alibonyeza la kwanza. Maji ya kahawia yakatoka, yakanuka.

"Baba, limeoza hili."

"Haiwezekani. Nalimwagilia asubuhi na jioni."

"Asubuhi na jioni? Mama hakuwa akilimwagilia mwezi wa nane."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua kama unalimwagilia, baba. Nilidhani hulipendi."

Godbless alikichukua kikombe chake cha kumwagilia, akakirudisha ndani.

Jumatatu iliyofuata alikuja Ummy, afisa ugani wa kata. Alikuja kukagua chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Kabla ya kuajiriwa serikalini, Ummy naye alikuwa amefanya kazi kwenye maua Usa River, miaka mitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa itasubiri. Kwanza niangalizie kitu."

Ummy alikitazama kikapu muda mrefu. Hakusema pole. Aliuliza maswali.

"Majani yalianza kuanguka lini?"

"Mwisho wa mwezi wa saba."

"Na maji?"

"Tangu tarehe mbili. Kila siku mara mbili. Na samadi."

"Mzee, mmea huu haukuwa unakufa. Ulikuwa unalala. Kila mwaka, kiangazi kikianza, huangusha majani yote na kubaki mashina matupu. Chakula na maji yake vimo humo ndani ya mashina. Mizizi ya zamani hufa. Ukiumwagilia wakati huo, hauna mizizi ya kunywea. Maji yanakaa, unaoza."

"Kwa hiyo nimeuua."

"Bado hatujui. Niletee wembe mpya na kiberiti."

Ummy aliupitisha wembe motoni. Alikata mashina matatu yaliyolainika, akayatupa mbali na kahawa. La nne lilikuwa gumu, isipokuwa doa moja. Alilikata doa hadi nyama ikawa nyeupe, akapaka unga wa mdalasini kwenye kidonda ili kikauke. Kisha akalifunga kwa uzi na kulitundika barazani. Hakuweka udongo wala tone la maji.

"Sasa sikiliza, mzee. Usilimwagilie. Chipukizi likitoka, usilimwagilie. Mizizi ikianza, usilimwagilie. Subiri mizizi mipya ifike urefu wa kidole chako cha kati. Hapo ndipo maji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Huruma yako ndiyo iliyoozesha haya mengine."

Godbless alisubiri wiki kumi. Asubuhi nyingi alisimama barazani na kikombe mkononi, kisha akayamwaga maji kwenye mgomba. Evaresta alimwona.

"Shemeji, unaunywesha mgomba chai?"

"Nyamaza, Evaresta. Nafuata masharti ya daktari."

Mwanzoni mwa Novemba mizizi ilifika urefu wa kidole. Ummy alirudi. Waliupanda mmea katika kikapu kilekile, kwa vipande vya mkaa na magome ya mti.

"Sasa mwagilia vizuri, na mbolea kidogo kila wiki," Ummy alisema. "Kikapu kipitishe maji chini, yasituame. Majani yakianza kuwa manjano, punguza. Yakianguka, acha kabisa. Utautundika wapi?"

"Pale ulipokuwa. Chini ya mringaringa."

"Hapo ulikuwa unatoa maua gani?"

"Dume. Miaka mitano dume tupu. Ni mmea dume."

"Hakuna mmea dume hapa, mzee. Mpapai ukizaliwa dume, kwa kawaida unabaki dume, ndiyo maana mnaukata. Huu ni tofauti. Mmea mmoja unaweza kutoa dume mwaka huu na jike mwaka ujao. Inategemea nguvu na mwanga. Ukiwa kivulini au dhaifu, mara nyingi hutoa dume. Ukiwa na nguvu na mwanga mwingi, ndipo unaweza kutoa jike, kwa sababu kubeba tunda ni kazi kubwa."

Godbless aliinua uso kuutazama mringaringa. Lile tawi lilikuwa palepale.

"Mwanga tu?" aliuliza.

"Mwanga na nguvu."

"Mke wangu aliniambia hivyo. Aliniomba nikate tawi lile. Kama ningelikata, angeona jike?"

Ummy naye aliutazama mringaringa.

"Sijui, mzee. Hakuna anayeweza kujua sasa. Ninachojua ni kwamba alichokuomba kilikuwa sahihi."

Siku hiyo hiyo Godbless alikitundika kikapu mlangoni pa banda, upande wa jua la asubuhi. Ili mzigo wa majani usikigonge, alikata waya wa kutundikia akaufanya mfupi kwa shubiri moja. Kikapu kikapanda juu. Alipita chini yake na mzigo kichwani mara mbili. Haukugusa. Kazi yote ilichukua dakika tano.

Alikaa juu ya debe la maziwa lililofunikwa, akakitazama kile kipande cha waya kilichobaki mkononi.

Mwaka 2023 mmea haukuchanua. Ulikuwa bado dhaifu. Mwaka 2024 ulitoa maua sita, yote dume. Safari hii Godbless hakuutaja mpapai dume. Septemba ulipolala, ulikuwa na mashina matatu mazuri. Ummy alishauri waugawe.

"Mashina mawili yabaki hapa juani," alisema. "Moja lirudi chini ya mringaringa. Hilo la kivulini huenda likatoa dume, na tutahitaji chavua."

"Nyuki hawatoshi? Nina mizinga miwili."

"Nyuki wako hawalijui ua hili. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na huko lina nyuki wake. Hapa nyuki ni wewe."

Mmea wa kivulini ulichanua Februari 2025. Maua yote yalikuwa dume. Godbless alikigusa kijiti kwa njiti ya kiberiti, kama Ummy alivyomwelekeza. Vifuko vya chavua viliruka vikanata kwenye njiti. Aliifunga kwa karatasi kavu, akaitia ndani ya kichupa na kukiweka kwenye friji ya Evaresta.

"Unaniwekea nini humu, shemeji?"

"Posa," Godbless alisema.

Evaresta alicheka, kisha akaacha. "Magdalena angekuwepo angekuchapa kwa maneno," alisema.

"Angekuwa na haki."

Jumanne tarehe 18 Machi 2025, maua matatu yalifunguka mlangoni pa banda. Hayakuwa ya hudhurungi. Yalikuwa ya kijani, mazito, yamejipindua kama kofia iliyogeuzwa juu. Hayakuwa na kijiti. Godbless alimpigia Ummy simu kabla ya kukamua.

"Yana ugonjwa?" aliuliza.

"Piga picha, mzee."

Alipiga, akatuma. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: "Ni jike. Usiyaguse. Nakuja Jumamosi."

Jumamosi alikuja na kibano kidogo. Diana alikuwepo. Evaresta alileta kichupa akikishika kwa mikono miwili. Ummy alionyesha ufa mwembamba ndani ya ua la kijani.

"Chavua inaingia hapa. Mzee, wewe fanya. Taratibu."

Godbless alikishika kibano. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili kifuko kimoja cha chavua kiliingia na kunasa. Walifanya ua moja tu.

"Kwa nini si yote?" Diana aliuliza.

"Mmea ni mdogo bado. Tunda moja linatosha kuuchosha," Ummy alisema. "Likikomaa, baada ya miezi mingi, litakuwa na mbegu nyingi ndogo kama vumbi. Ukizipanda kwenye udongo kama mchicha hazitaota. Inabidi zioteshwe maabara, ndani ya chupa. Lakini kwanza tuone kama limeshika."

"Kwa hiyo kivuli ndicho kilichokuwa kinazuia," Godbless alisema. "Huu wa juani jike, ule wa kivulini dume. Yote miwili ni mmea mmoja."

"Mimea miwili haitoshi kuthibitisha, mzee. Lakini inakubaliana na tunayoyajua."

Godbless alitikisa kichwa kukubali. Hakuhitaji zaidi.

Baada ya siku tano maua mawili yasiyochavushwa yalianza kunyauka. La tatu lilinyauka pia, lakini kikonyo chake kilibaki kijani. Jumamosi tarehe 5 Aprili, Diana alikipima kwa rula. Upana wake ulikuwa sentimita mbili. Siku ya uchavushaji haukufika hata moja.

"Limeshika, baba," alisema. "Hilo ni tunda."

Godbless aliliangalia. Kisha aliingia jikoni.

"Diana. Chumvi inakaa wapi?"

Diana alimwonyesha. Alimwonyesha pia mahindi yaliyokobolewa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alitaka kumsaidia, baba yake akakataa. Mahindi yalichukua saa tatu kuiva. Evaresta aliitwa aje ale. Alionja, akaweka kijiko chini.

"Shemeji, chumvi imezidi."

"Kesho nitapunguza."

"Kesho?"

"Niliahidi wiki nzima," Godbless alisema. "Wewe ndiye shahidi."

Evaresta alikiinua kijiko tena. Alikula hadi akamaliza, bila mzaha wowote.

Jumapili Godbless alipika, na Jumatatu. Siku ya nne loshoro iliungua chini. Siku ya sita Evaresta alisema sasa inalika.

Ijumaa tarehe 11 Aprili, saa moja jioni, alipika kwa mara ya saba. Baada ya kula aliosha sufuria, akaikausha, akaitundika kwenye msumari ule ule ambao Magdalena alikuwa akiutumia.