Mwamuzi wa Pete za Vitunguu

Pete za vitunguu, zile za kuviringishwa unga na kukaangwa, zilirudi zikiwa nzima, ila ndani hamkuwa na kitunguu. Corinne aliinua moja akaibonyeza, ikavunjika kama ganda la yai. Zote zilikuwa hivyo hivyo: unga wa nje umebaki mviringo, mkavu, kitunguu kimechomolewa chote, na pembeni alama moja ya meno. Na kwenye kiti cha mwisho cha kaunta, sahani ilikotoka, hakukuwa na mtu aliyeketi usiku ule.

"Verna, nani kala hizi?"

"Fanya kazi yako, mpenzi," akasema Verna, mwenye mkahawa, bila hata kugeuka kutoka kwenye karai la mafuta.

Mpenzi! Corinne alikuwa mgeni wa kazi pale mjini Harlan Fork, hana pa kumwacha mwanawe mchanga Wade, kwa hiyo alimlaza kwenye kikapu stoo, katikati ya magunia ya unga. Na kila usiku aliamriwa aweke sahani ya moto mbele ya kiti kile kitupu. Alidhani ni kumbukumbu ya marehemu fulani tu, mpaka dereva mmoja wa lori, Dwight, alipomcheka.

"Hujaambiwa? Hicho kiti cha mzee Orville Pruitt! Mwamuzi wa maonyesho ya wilaya, huyo. Keki, achari, pete za vitunguu, vyote alivionja yeye. Kipimo chake kimoja tu: uking'ata na kitunguu kikachomoka kizima, umeshindwa. Wanawake wanalia, yeye anafuta vidole. Kafia hapo hapo, pete ya Verna iko mdomoni, hajasema nzuri wala mbaya."

Usiku huo mvua ilifukuza wateja wote. Corinne alikuwa anafuta meza aliposikia harufu ya kitunguu kibichi, kali, na haikutoka jikoni, ilitoka stoo, na nyuma ya harufu kulikuwa na sauti ya mtu anayetafuna polepole, kwa raha, kama ana usiku kucha, na miguu ya Corinne ikakimbia kabla kichwa hakijaelewa, akasukuma mlango, akamkuta Wade mdomo wazi, uso mwekundu, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka kwa kilio, na sauti hamna, hata kidogo, mtoto analia na kilio kimeshachomolewa ndani yake, na kwenye shavu lake dogo kuna alama ya meno.

Akarudi naye kaunta mbio.

"Verna! Mtoto hana sauti!"

Verna hakushtuka. Hapo ndipo hofu ya Corinne ilipogeuka hasira.

"Ulijua."

"Alianza na paka," Verna akanong'ona. "Nilimkuta ngozi tupu. Nikasema labda mzee ameshiba. Anataka pete nzuri tu, Corinne. Nikiipata atasema, ataondoka. Nipe usiku mmoja mwingine."

"Usiku mmoja? Kwa mwanangu? Una wazimu, mwanamke wewe? Umemwacha mwanangu alale na jini ili usifiwe vitunguu!"

"Sema polepole, anasikia…"

"Asikie!"

Sahani ikakwaruza kaunta, ikisukumwa na mkono usioonekana.

"Nyingine," ikasema sauti ya mzee, mdomo umejaa.

Corinne akamlaza mtoto kwenye benchi, akanyakua sahani mpya ya pete kando ya karai, akaelekea kiti cha mwisho.

"Usikae hapo!" Verna akapiga ukelele. "Atakayekaa hapo akang'ata ndiye mwamuzi!"

"Vizuri sana."

Akakaa. Ilikuwa kama kukaa ndani ya nguo zilizolowa ambazo bado zina mwenyewe, magoti ya mtu ndani ya magoti yake, pumzi ya mtu sikioni, meno yanagongana karibu na shingo yake, naye akachukua pete, akang'ata, na kitunguu kikachomoka kizima, kikaning'inia kidevuni kinamuunguza, naye akakitema.

"Mbaya!" akapayuka. "Mafuta hayakuchemka, unga mzito, kitunguu kimechomoka. Verna, umeshindwa! Na wewe mzee, hukumu imetoka. Kazi yako imekwisha. Toka!"

Sahani ikapasuka. Mlango ukafunguka wenyewe, harufu ikatoka na upepo, na Wade akalia, kilio kikubwa kibaya kitamu, Corinne akamnyakua kwenye benchi akamkumbatia.

Verna alikuwa amevimba kwa hasira.

"Miaka yote hii namsubiri aseme zangu ni nzuri. Nani kakuuliza wewe?"

"Mfuate basi. Mfuate na karai lako!"

Verna akamfuata kweli. Akatoka mvuani na aproni yake, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea shamba la mahindi.

"Orville! Usimsikilize huyo, hajui kitu! Rudi, nakaanga upya!"

Mahindi yakatulia yote kwa pamoja. Kisha ile sauti ya mzee, mdomo umejaa, ikajibu kutoka gizani:

"Naja."

Na gari la Corinne, njia yake pekee ya kuondoka na Wade, lilikuwa limeegeshwa kule kule, kwenye ukingo wa mahindi.