Ukungu Ulipoondoka

Jumanne, tarehe nane Julai. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka chini, taa za barabarani zikaonekana kama zinaelea.

Ndani ya uwanja wa ndege, msichana mmoja alikaa karibu na dirisha pamoja na bibi yake. Nyumbani walimwita Mawingu, kwa sababu ukimtuma dukani ungemkuta njiani amesimama anatazama juu. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kila asubuhi, baada ya sala, mjukuu ndiye aliyemsimulia yaliyoko nje, na kila mara aliongeza chumvi.

"Unaona nini, mke mwenzangu?" Bibi alimtania.

"Ndege zimejifunika shuka, Bibi. Moja inakoroma."

Bibi akacheka taratibu. Kesho yake alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa macho katika mji wa mbali. Daktari alikuwa mgeni; baada ya siku hiyo angeondoka, na haikujulikana angerudi lini.

Polepole ukungu ukayeyuka. Jua likazipaka mbawa rangi ya asali. Ndege moja ikapaa, kisha nyingine, bila haraka, kama mawazo ya mtu anayesinzia. Ya kwao ilibaki palepale. Mafundi wawili walikuwa wameifungua injini, wameingiza mikono hadi mabegani.

Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba safari yao imefutwa kwa sababu ya ukungu.

Abiria wakaizunguka meza ya shirika la ndege. Msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya upole, ndiyo kwanza alikuwa amefika kazini.

"Poleni, ndugu zangu. Nimeambiwa ni ukungu, na huo hauna mwenyewe. Chakula tutawapa, mtaondoka keshokutwa."

"Keshokutwa!" Bibi aliushika mkono wa Mawingu. "Na daktari wangu je?"

Muuza vitambaa mmoja akapaza sauti. "Dada, usitufunge kamba! Hiyo ndege imeharibika, na ndege ikiharibika ni juu yenu. Mtutafutie nafasi leo, hata kwa shirika jingine, na fidia mtulipe. Hiyo ni haki ya abiria."

"Ni kweli, kaka. Lakini nani ameona kwamba imeharibika?"

Abiria wengine walikuwa wamesinzia, wengine wamezama kwenye simu. Mawingu akanyoosha kidole, kama yuko darasani.

Muuza vitambaa akamwinamia haraka. "Mwanangu, waambie hapakuwa na ukungu hata chembe! Tuokoe."

Maneno yakamjaa Mawingu mdomoni, matamu, tayari kuruka. Angeweza hata kuongeza moshi na cheche. Lakini Bibi alikuwa bado ameushika mkono wake. Akamwomba Mungu kimoyomoyo amshikie ulimi.

"Ukungu ulikuwepo," alisema.

"Ametumaliza huyu!" muuza vitambaa akaguna.

"Ulikuwa mzito sana. Halafu ukaisha, ndege mbili zikaondoka. Yetu imebaki. Mafundi wameifungua injini ya upande huu. Moshi sikuuona."

Msimamizi akawapigia simu mafundi. Alisikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Ni kweli, injini ina hitilafu. Mtoto, mimi nimekuja kazini nimewasha taa za gari kwa ajili ya huo ukungu. Ungeniambia hapakuwa na ukungu, hata simu nisingeigusa." Akawageukia abiria. "Bibi na mjukuu wake watapanda ndege ya mchana ya shirika jingine. Ninyi wengine nitawatafutia nafasi leo hii, na fidia yenu mtaipata."

Muuza vitambaa akajikuna kichwa. "Kumbe mdomo wangu ndio ungetuponza."

Bibi akamvuta mjukuu wake karibu. "Hadithi zako nazipenda, mke mwenzangu, usiziache. Lakini anayedai haki yake huusema ukweli wote, hata ule usiompendeza. Ukichanganya na uongo kidogo tu, hata ukweli wako hautasadikiwa."

Mawingu akasimama wima. Abiria wakamgeukia, msimamizi naye akaweka simu chini.

"Bibi, naahidi mbele ya hawa wote: ukiniuliza naona nini, kwanza nitakuambia kilichopo. Ndoto zitafuata baadaye, ukizitaka."