Mama wa Mwana wa Mti

Jioni ile Somoe alikwenda Temeke kwa bibi yake kuchukua khanga kuukuu, basi. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na mtoto mchanga hafungwi kitambaa kipya kinachokwaruza; hufungwa khanga iliyofuliwa mpaka ikalegea. Bibi Hamisa alikuwa nazo sanduku zima. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia, na Somoe alitaka awe amerudi Mwananyamala kabla giza halijakolea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Fungua sanduku mwenyewe, mgongo wangu leo hautaki kuinama."

Akatoa khanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini kabisa kulikuwa na kinyago cha mti, urefu wa kiganja na nusu, hakina mikono wala miguu. Kichwani kilikuwa na nywele. Nywele za mtu. Na kilinukia mafuta ya nyonyo, mabichi, kana kwamba kimepakwa asubuhi ile.

"Usimshike," alisema Bibi Hamisa. Alikuwa amempa mgongo, anatafuta birika la kutawadhia.

"Ni nini, Bibi?"

"Mwana hiti. Zamani mwali akiwekwa ndani alipewa huyo awe mwanawe. Anamwogesha, anampaka mafuta, anamchana, kila siku. Huyo ni wangu. Kila nilipobeba mimba, alilelewa na dada yangu, ambaye hakujaliwa kuzaa. Mwenye mimba hamshiki."

"Kwa nini?"

"Ana wivu."

Bibi akatoka uani kutawadha. Somoe hakumshika yule mwana. Alimpiga picha tu.

Hapa tuseme ukweli wa Somoe, maana bila huo hadithi haina kichwa wala miguu. Somoe alikuwa na kijicho. Na kijicho chenyewe kilikuwa cha mchezo wa simu. Uliitwa Pori Jipya: unaingia porini mikono mitupu, unakata miti, unachimba, unajenga nyumba, na giza likiingia mazimwi yanakuja kubisha. Kila mwezi wachezaji walipendekeza kifaa kipya, wakapiga kura, na kilichoshinda kilitengenezwa na kutiwa mchezoni. Mara mbili mfululizo alishinda Recho, msusi aliyepanga chumba cha jirani, ukuta kwa ukuta na Somoe. Kwanza kibatari kisichozimwa na mvua, halafu ungo wa kurukia. Somoe alishapendekeza vifaa saba, vyote vikaanguka. Recho hakuringa, na hilo ndilo lililomchoma Somoe kuliko yote. Angeringa, angalau angempa sababu ya kumchukia.

Recho alikuwa na miaka sita ya ndoa, na hajawahi kununua hata soksi ya mtoto. Somoe alikuwa na tumbo mbele yake. Bado aliyekuwa anaumia alikuwa Somoe.

Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua baibui, akajaza fomu. Jina la kifaa: Mwana wa Mti. Kazi yake: ukimwogesha na kumpaka mafuta kila siku, mazimwi hayasogelei nyumba yako. Udhaifu wake... Hapo akafikiri sana, maana vifaa vya Recho vilipendwa kwa udhaifu wake uliochekesha. Akaandika: ukimsahau siku tatu, anaondoka kumtafuta mama yake.

Mwisho kulikuwa na mahali pa jina la mbunifu. Wengine huandika jina wakamaliza. Somoe alitaka lionekane, lisomwe, limwingie mtu fulani machoni. Akaandika: "Mama yake ni Somoe wa Mwananyamala."

Akashinda.

Recho alikuja na bakuli la kalimati. "Hongera, shoga'angu. Mie nisingewaza kitu kama hicho hata ningekesha." Alisema kwa moyo mweupe. Somoe akala kalimati zote na akalala usingizi mnono.

Sasa, watu wa michezo mnawajua. Wiki ya kwanza wachezaji maelfu walimwogesha Mwana wa Mti asubuhi na jioni. Wiki ya pili wakachoka. Wakawatupia wana wao masandukuni, wakarudi kuchimba dhahabu.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa ya magharibi, Somoe alikuwa ameketi kitandani anakunja khanga.

Ko.

Mti juu ya mti. Akadhani ni mlango.

Ko... ko.

Sauti ilitoka kwenye simu. Na simu ilikuwa imezima tangu mchana, haina chaji. Kisha chumba kikaanza kunuka mafuta ya nyonyo.

Akaichomeka kwenye umeme. Ilipowaka, ujumbe ukamiminika. "Wangu katoka sandukuni." "Hata wa kwangu hayupo." Waliotengeneza mchezo walijibu kwamba ni hitilafu, tena hawaielewi, kwa sababu kifaa hicho hawakukipa uwezo wa kutembea. Halafu mtu mmoja akatuma picha. Kwenye uwanda wa Pori Jipya walisimama Wana wa Mti kwa maelfu, bega kwa bega. Wote walikuwa wanamtazama aliyeshika simu.

Somoe akaweka mkono tumboni. Kila siku saa hiyo mtoto hurusha mateke.

Kimya.

Akabonyeza upande mmoja, akabonyeza upande wa pili. Kimya kabisa. Akampigia Bibi Hamisa.

"Bibi, yule mwana wako yupo?"

Alisikia bawaba za sanduku zikilia. Alisikia khanga zikitolewa, moja moja, mpaka chini.

"Hayupo," alisema Bibi. "Ulimshika?"

"Sikumshika. Nilimpiga picha, nikamtia kwenye mchezo."

"Mama yake umemtaja nani?"

"Mimi, Bibi."

"Mke mwenzangu," Bibi akanong'ona, "mtafutie mama mwingine. Asiye na kitu tumboni. Upesi."

Upande wa pili wa ukuta Recho alikuwa anaimba huku akipanga vyombo.

Somoe alisita, tusimwonee. Alisita muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha akafungua ukurasa wa pendekezo lake, akafuta jina, akaandika: "Mama yake ni Recho."

Teke.

Na jingine. Somoe akalia kwa furaha, uso kwenye khanga. Harufu ya mafuta ilipungua taratibu, ikahamia ukutani, ikapita.

Siku zilizofuata Wana wa Mti walirudi masandukuni, na watu wakasahau. Recho ndiye aliyebadilika. Kila jioni alionekana akiingiza ndani beseni la maji ya uvuguvugu. Chupa tupu za mafuta ya nyonyo zikajaa kwenye taka zake. Alinenepa, akang'aa, na akiulizwa siri yake anacheka tu. Huko mchezoni walimwita mama wa wote. Ushindi wa tatu ukaandikwa kwa jina lake, na Somoe aliusoma kila siku.

Ilipobaki wiki moja ajifungue, Somoe akaweka sikio ukutani. Maji yalikuwa yanamwagika. Chanuo lilikuwa linapita kwenye nywele.

"Tulia mama akuchane," Recho alinong'ona. "Nani mzuri kama wewe?"

Na kitu kikamjibu.

Ko.

Mwanamke mwingine angeshukuru Mungu na kesho yake angehama nyumba. Somoe alihisi kifua kinawaka. Alikuwa wangu, akawaza. Mie ndiye niliyempata. Mie ndiye niliyemwandika.

Akachukua simu, akafungua ukurasa. Hakuwa ameandika kitu bado. Alikuwa amefuta herufi moja tu ya jina la Recho.

Tumboni, mtoto akatulia.