Wadudu wa Jiwe wa Bassou

Chai ilipomwagika juu ya mwamba, mwamba ulilia. Haukuwa mlio wa jiwe linalopasuka kwa joto. Ulikuwa mlio wa mtoto aliyeunguzwa, mfupi, kisha kimya. Itto aliusikia. Mumewe Bassou naye aliusikia, ila Bassou alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao hata nyumba ikiwaka watakwambia huo si moto.

Ilikuwa adhuhuri, kwenye mwamba uliokatwa kupitisha barabara, nje kidogo ya mji wetu wa Alnif. Pale kwetu kila mtu huchimba trilobaiti, wale wadudu waliogeuka mawe tangu jangwa hili lilipokuwa bahari, na kila mtu anajua kwamba jiwe huloweshwa ili umbo la mdudu lionekane. Huloweshwa kwa maji baridi, na kwa bismillahi, maana hujui nani amejilaza pale. Bassou alikuwa ameyamaliza maji baridi kwa kunawa uso, basi akanyanyua birika la chai lililokuwa likitokota.

"Sema bismillahi basi, baba Tuda," Itto alimsihi.

"Hayo ni mambo ya bibi zenu. Jini gani mwenye akili atapanga kando ya barabara, apuliziwe moshi wa malori?"

Akapiga nyundo. Jiwe likafunguka nusu mbili, na katikati yake mdudu mwenye macho yaliyotokeza, mzima, mzuri kupita wote aliowahi kuwapata.

Usidhani alikuwa fundi. Riziki yake ilikuwa kuchanganya gundi na vumbi la jiwe, kuimimina kwenye kalibu yenye umbo la mdudu, na kuwauzia wageni wadudu waliozaliwa juzi uani kwake. Mjuzi huwatambua kwa vitundu vya mapovu, vidogo kama vya ncha ya sindano. "Asiye mjuzi hatajua," Bassou alizoea kusema, huku akijipiga kifua. Kudanganya watalii waliochoka na jua, hiyo ndiyo elimu yake yote.

Jioni ile Tuda, binti yao wa pekee, alijikunja mkekani. Magoti yaligusa kidevu na mikono ikafungana. Itto alijaribu kumkunjua akashindwa, na alipomfunua mgongo akakuta malengelenge ya maji ya moto ilhali gauni lilikuwa kavu, na chumba kikajaa harufu ya chumvi na magugu yaliyooza, harufu ya bahari ambayo mwanamke yule hakuwahi kuiona maishani, na chini ya mkeka kukawa na mkwaruzo wa miguu mingi midogo inayotembea, ikisimama mtoto alipovuta pumzi, ikianza tena alipoitoa.

Fakihi Sidi Lahsen aliitwa. Alimsomea mtoto, akafukiza ubani, kisha akamgeukia Bassou bila hata kuficha dharau yake.

"Umemuunguza mtoto wa watu, ukabeba na kitanda chake. Mama yake amemshika wako. Kesho rudisha lile jiwe palepale, nusu zote mbili."

"Na akikataa, Sidi?" Bassou aliuliza.

"Hakatai. Utakavyomrudishia, ndivyo atakavyokurudishia."

Itto alishika miguu ya mumewe. "Nakuomba, baba Tuda. Sina mwingine."

"Si nimesema nitarudisha?"

Lakini kulikuwa na Mfaransa aliyemwahidi kupita kesho yake kununua mdudu. Asubuhi Itto alisikia harufu kutoka uani.

"Mbona kunanuka gundi?"

"Naziba ndoo. Mtazame mtoto."

Sikio la kufa halisikii dawa. Adhuhuri akaenda barabarani, akaiweka palepale nakala yake ya gundi, nusu mbili, imepakwa vumbi vizuri. Safari hii bismillahi aliisema, tena kwa sauti, mnafiki yule. Aliporudi alimkuta Tuda ameketi wima, anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni na kucheka. Malengelenge hayakuwepo.

"Unaona?" Bassou alimwambia mkewe. "Hata majini yenu mimi nayaweza."

Itto hakumsikiliza. Alikuwa akilia kwa furaha. Alimvuta binti yake mapajani, akafungua nywele zake, akaanza kuzichana huku akimshukuru Mungu. Nyuma ya sikio chanuo lilikwama kwenye kitu kama mshono, mstari mwembamba ulioshuka hadi shingoni, na alipoinama autazame akapata harufu ya gundi, na kando ya mstari ule, kwenye ngozi laini ya mtoto, akaona vitundu vidogo vidogo vya mapovu.

"Bassou," alinong'ona. "Jiwe lenyewe liko wapi?"

Bassou aliviona vitundu.

"Ameondoka nalo Mfaransa," alisema. "Sijui amekwenda wapi."

Mtoto akageuza kichwa, akawatazama bila kupepesa.

"Usiogope, baba," alisema. "Asiye mjuzi hatajua."