Bibi Pindo na Kidude cha Ukutani

Sogeeni karibu, wenye wazazi na wenye watoto. Na wewe uliyeshika simu, ilaze chini kidogo, haitakufa.

Palikuwa na mama mmoja mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Bibi Pindo, maana hakuna aliyejua kukunja pindo la nguo likakaa kama yeye. Alipanga chumba cha chini kinachotazama barabara. Cherehani ilikuwa dirishani penye mwanga, na katikati ya chumba ilisimama meza nzito ya mbao ya kukatia vitambaa. Asubuhi ninayoisimulia, birika lilikuwa likifuka mvuke, gurudumu la cherehani likizunguka, na mwenyewe pini zimemjaa mdomoni, kwa hiyo alikuwa kimya. Majirani walizipenda sana pini zile.

Mlangoni lilitundikwa gauni la bluu ambalo halijamalizika. Lilikuwa la binti yake, na lilikuwa likingoja mwenyewe aje kupimwa. Lilikuwa limengoja hata vumbi likaanza kulizoea. Na ukutani, juu ya picha ya binti huyohuyo siku aliyohitimu chuo, kilipigiliwa kidude cheupe chenye taa ya kijani.

Kidude hicho ndicho kilichovuruga mambo.

Binti alikuwa mhandisi wa roboti zinazotafuta watu waliofukiwa majengo yakianguka. Ile aliyoiunda yeye ilikuwa ndefu, nyembamba, inapenya kwenye nyufa, na wenzake kazini wakaipachika jina la Nguchiro. Ilikuwa na vihisi: kimoja cha kuhisi joto la mwili, kingine cha kusikia mtu akigonga au akiguna chini ya kifusi. Kazi njema, ndugu zangu, sina neno nayo. Ila ilimmeza mzimamzima. Mwanzoni alikuwa akija kumwona mama yake kila mwisho wa wiki, kisha kila mwisho wa mwezi, kisha siku moja akaja na kidude na nyundo. Akaeleza kuwa kinahisi mtu akijongea. Mama akiwa mzima, taa ya kijani itawaka hapo na kwenye simu yake. Asipojongea kwa muda, itageuka nyekundu, naye atapiga simu papo hapo.

"Sasa nitakuwa nakuona kila siku, Mama," alisema, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

Bibi Pindo alishukuru. Lakini niambieni, nani amewahi kukumbatiwa na taa?

Siku zikapita bila mlango kugongwa. Mchana mmoja alikaa akilitazama lile gauni, akimkumbuka mtoto wake alivyokuwa akilala juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza, akasahau hata kujikuna. Simu ikalia. Binti akauliza kwa hofu kama yuko salama. Mama akajibu yuko salama. Binti akasema haya, niko kazini, akakata. Maneno yenyewe hayakujaza kijiko, lakini ile sauti ilimkaa Bibi Pindo masikioni mpaka jioni.

Kesho yake akakaa tena bila kujongea. Safari hii alikusudia. Nzi akatua puani, akamwacha apumzike. Simu ikalia.

Akaendelea hivyo hadi binti alipogundua, akawa mkali.

"Mama, acha kunichezea. Usipojongea, kile kidude kinadhani umekufa."

"Na nikijongea, mwanangu, wewe unadhani sina haja nawe."

 Binti akasema atakuja kupima gauni kazi ikipungua. Tangu hapo taa nyekundu ikawa haimshtui tena.

Sasa turudi kwenye asubuhi yetu ya birika. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na jirani alikuwa akiongeza ghorofa juu ya nyumba yake kama mtu anayepanga masanduku. Bibi Pindo aliinama chini ya meza kuokota bobini ya uzi iliyomponyoka. Hapo ndipo nyumba ya jirani ilipokohoa, ikalala juu ya chumba chake.

Ile meza ilistahimili. Yeye alibaki chini yake, amejikunja, mguu umebanwa, vumbi kooni, giza tupu.

Kule kazini simu ya binti iligeuka nyekundu. Alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi Nguchiro anavyoweza kumwona mwanasesere aliyefichwa chini ya matofali. Akaitazama ile nyekundu, akasema moyoni kwamba Mama ameanza tena, akairudisha mfukoni. Haya Bibi Pindo aliyajua baadaye, binti mwenyewe alipoyasema akiwa amepiga magoti.

Mara wito ukaingia wa kupeleka roboti kwenye jengo lililoanguka. Walipomtajia mtaa, akaichomoa simu mfukoni; taa ilikuwa bado nyekundu. Nguchiro akatangulia na waokoaji, binti akafuata nyuma.

Tangi la maji lilikuwa limepasuka na kukilowesha kifusi chote, kwa hiyo kihisi cha joto hakikupata kitu. Kilibaki cha kusikia. Waokoaji wakazima mashine zao, watu wakanyamaza, na Nguchiro akapenya hadi karibu na meza. Akatoa sauti iliyorekodiwa: "Kama unanisikia, gonga au ita."

Ilikuwa sauti ya binti yake.

Hapa msinicheke, maana wengine wetu tungefanya vilevile. Bibi Pindo alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Alijua yanayofuata. Akisema yuko salama ataambiwa haya, niko kazini, kisha kimya. Akinyamaza, mtoto ataendelea kumwita. Basi akabana pumzi, akasikiliza. Sauti ikaita tena, na tena, tamu kama zamani. Kisha magurudumu yakakwaruza, yakaondoka. Ndipo alipolia, lakini alilia bila sauti.

Juu, msimamizi wa waokoaji akasema upande ule hauna mtu, roboti ihamishiwe upande wa pili. Binti alikuwa amefika wakati huohuo, viatu mkononi.

"Yupo," akasema. "Amenyamaza kwa sababu nimemfundisha mimi."

Akamrudisha Nguchiro palepale, akashika kipaza sauti mwenyewe. 

"Mama. Nimekuja kupima gauni. Leo sikati."

 Kisha kutoka chini, sauti nyembamba yenye vumbi:

"Hata wakikuita kazini?"

"Hata wakiniita."

"Haya. Niko chini ya meza, pale ulipokuwa ukilala. Na mwambie huyo mdudu wako asinikanyagie kitambaa."

Msimamizi alicheka huku akijifuta machozi. Binti hakukiachia kile kipaza sauti. Walipokuwa wakichimba alimweleza mama yake habari za miaka yote, hata zisizo na maana, mpaka mkono ukaonekana, naye akaushika.

Mguu ulipona, ila anachechemea. Kidude hakikupigiliwa tena. Binti sasa huja kila mwisho wa wiki kupimwa lile gauni, lililofukuliwa kifusini, na kila akija, mama yake huguna, huchomoa pini, husema pindo limekaa vibaya kidogo, itabidi arudi. Fundi hodari wa pindo mtaa mzima, na pindo hilo moja linamshinda. Binti hajawahi kuuliza kwa nini.

Funzo

Enyi watoto, vyombo vya kuokoa watu ni vya maana, na wanaoviunda Mungu awazidishie. Lakini chombo kinatafuta aliyefukiwa. Mzazi anayetamani kukuona hajafukiwa, yuko mlangoni, na wa kumtafuta ni wewe. Usingoje taa iwe nyekundu.

Nanyi wazazi wenzangu, tusijifanye wafu ili tuitwe. Bibi Pindo aliponea chupuchupu kuaminiwa kuwa kweli amekufa. Ukitamani kumwona mwanao, mwambie hivyo, kwa mdomo, na pini uzitoe kwanza.