Pingamizi la Bibi Harusi

Siku walipokutana, Ndalahwa alimgonga Justa kichwani kwa bomba la chuma. Ilikuwa katika duka la vifaa vya ujenzi pale Igoma, watu wamebanana kaunta, na yeye, fundi wa mageti, akageuka na bomba begani bila kutazama nyuma.

"We kaka! Hayo ni macho au misumari?"

"Samahani, dada. Nimeharibu kilemba?"

"Umeharibu kichwa. Kilemba kitapona."

Ndalahwa alicheka, akambebea Justa mabomba ya pazia aliyonunua hadi kwenye kibanda chake cha kushona mapazia. Toka hapo simu ya Justa iliita kila siku saa saba mchana.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, baba. Unanipigia kama kengele ya shule."

"Gauni lako la leo zuri."

"Umelionea wapi, na uko kwenye simu?"

Baada ya miezi minane ndoa yao ilitangazwa kanisani Jumapili ya kwanza, kisha ya pili. Ilibaki moja. Alhamisi Justa alimpelekea Ndalahwa sangara na ugali karakanani. Simu ya Ndalahwa ikawaka mezani, ujumbe kutoka kwa "Mwalimu": *Umempigia leo? Umesifu nguo yake? Umejisikiaje?*

"Una mwanamke mwingine anayekuuliza habari zangu?"

Ndalahwa alivua miwani ya kuchomelea. "Heri ingekuwa hivyo."

Akamweleza, nyuma ya mageti, kwa sauti ndogo. Tangu ujana moyo wake huenda kwa wanaume. Mama yake alimpeleka kwa mshauri, ndiye huyo Mwalimu, aliyeahidi kumbadilisha. Mwaka wa nne sasa.

"Anasema mke mwema ndiye atamalizia kazi."

"Kumalizia? Mimi ni rangi ya geti?"

"Wapo waliobadilika, Justa. Mmoja nimemwona. Ana mke na watoto watatu."

"Ukamuuliza mkewe?"

"Hapana."

"Hakuna anayewauliza wake zao!"

"Nimefunga siku arobaini mara tatu. Mungu amenyamaza."

"Atasemaje, na huyo mwalimu hafungi mdomo?" Justa alipumua kwa nguvu. "Unanipenda?"

"Nakupenda."

"Unanipendaje?"

Aliigeuza miwani mkononi. "Kama dada yangu. Kuliko dada yangu."

Justa alitaka kulia, hasira ikamzuia. Aliacha bakuli pale pale, akaenda zake. Siku mbili aliomba akipiga magoti mpaka yakauma: Bwana, nilikuomba mume, sikuomba kuwa dawa. Jumamosi mchana akavaa sketi yake ya ibada, akaenda ofisi ya kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibi harusi!" alisema Mzee Mashimba, katibu. "Tarumbeta tayari?"

"Nimeleta pingamizi."

"La ndoa ya nani?"

"Yangu."

"Binti, pingamizi huletwa na mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine hajui kitu."

Mzee alishusha pumzi, akashika kalamu. "Sababu?"

Hapo Justa alikwama. Siri haikuwa yake. Akiitaja, Ndalahwa hatakuwa na pa kuishi Igoma, labda Mwanza nzima.

"Andika nimebadili mawazo."

"Watasema umemchezea kijana wa watu. Nani atakuposa tena kanisani hapa?"

"Waseme."

Mlango ulisukumwa. Ndalahwa, aliyemwona akipita karakanani akamfuata, overoli bado mwilini, alikuwa amesikia.

"Mzee, andika na mimi. Asibebe lawama peke yake."

"Bwana harusi naye! Sasa mnampinga nani?" Mzee alifoka, lakini akawapa kalamu. Wakasaini, mmoja chini ya mwingine.

Nje waliketi kwenye ngazi.

"Kwa mwalimu sirudi," Ndalahwa alisema. "Mama nitamwambia mwenyewe." Akamtazama. "Wewe ulinipenda kweli?"

"Nilikupenda, we mjinga. Ndiyo maana nimechoka hivi."

Wakalia wote wawili, mchana kweupe, na ndani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya harusi yao.