Ncha Usiiguse

Mfuko wa barafu ulikuwa umebaki mmoja, na mikono iliyoushika ilikuwa miwili.

Ilikuwa Jumamosi mchana na supamaketi imefurika. Vitoroli vinagongana, watoto wanalilia peremende, mtu wa kaunta anamwita mwenzake kwa kipaza sauti na mwenzake hatokei. Binti aliyeshika upande mmoja wa mfuko alivaa ndala na suruali ya mazoezi iliyopauka magotini. Nywele kazivuta kisogoni zikakaa kama kitunguu, na kwenye ukosi wa fulana kachomeka sindano yenye uzi wa waridi. Kijana wa upande wa pili alikuwa mpana wa kifua, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri kuliko mashati ya vijana wengi.

"Samahani dada, nimekutangulia."

"Umenitangulia wapi, kaka? Mkono wako uko juu ya wangu."

Akatazama. Kweli ulikuwa juu. Hakuwa na haraka ya kuuondoa.

"Una sherehe nini?"

"Nina miguu," alisema binti. "Inawaka moto."

"Mimi nina bega."

Hapo ndipo kila mmoja alipomtazama mwenzake kuanzia chini: jinsi anavyosimama, visigino pamoja na vidole nje, kama bata waliovaa nguo za watu. Wote wawili walikuwa wamekuja kwenye kambi ileile ya baleti. Wakalipa nusu kwa nusu, wakarudi na mfuko katikati, kila mmoja ameshika sikio lake, maji yakiwadondokea njia nzima.

Kambi yenyewe ilikuwa katika shule ya densi nyuma ya soko la vitambaa. Kila kiangazi, shule zikifungwa, wachezaji vijana walikuja kutoka miji mbalimbali, wakafanya mazoezi tangu asubuhi hadi jua linapinda. Siku ya kufunga kulikuwa na onyesho, na mkurugenzi wa kundi kubwa la baleti la mjini alikuja kukaa safu ya tatu na kuchagua. Akikutaka, una kazi. Asipokutaka, unapewa cheti na mkono wa kwaheri. Binti alikuwa na vyeti viwili tayari. Sasa ametimiza miaka ishirini na mmoja, na kundi lile halikuchukua mgeni aliyevuka hapo. Kwa hiyo mwaka huu ilikuwa ama jukwaa, ama arudi kwa mama yake kushona mapazia.

Wiki haikuisha kabla hawajapewa majina. Yeye akaitwa Sindano, kwa ile ya kwenye ukosi. Kijana akaitwa Mwashi, maana alikuwa amebeba matofali na baba yake miaka mingi kabla mtu hajamfundisha kubeba binadamu. Mwalimu wa kucheza wawili wawili, mama mfupi mwenye sauti ya kusimamisha gari, aliwapanga pamoja. Alimwambia Sindano jambo ambalo wasichana husahau: mwanamume hakuinui peke yake. Wewe ndiye unayeruka, yeye anakuongezea. Usiporuka, anabeba gunia.

Sindano aliruka. Mwashi akampokea. Basi, ikawa hivyo.

Jioni simu zilitoka bweni la wasichana kwenda bweni la wavulana, ng'ambo ya ua, mtu angeweza kufungua dirisha tu akasema.

"Leo ulikuwa mzito."

"Labda bega lako limezeeka, babu."

"Limezeeka kwa kukubeba. Umekula, mpenzi?"

Sindano akajibu kwamba amekula, na kwamba lile neno la mwisho alirudie.

Kwenye ngazi za nyuma, kila jioni, wasichana walipiga viatu. Kiatu cha kusimamia vidole kikitoka kiwandani ni kigumu kama ubao. Ncha yake ni vitambaa na gundi vilivyokaushwa pamoja, na kikigusa sakafu kinalia kama kwato. Kwa hiyo unakipiga kwenye ngazi, unakikunja, unakibembeleza mpaka kikubaliane na mguu wako. Mwashi alikuwa akimwona Sindano akipiga, kisha akipuliza viganja vilivyochubuka. Akajiwekea jambo moyoni.

Sindano alikuwa amebakiwa na jozi moja mpya, ameifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya onyesho. Mama yake ndiye aliyeishonea tepe kwa mkono wake, mishono midogo isiyoonekana. Siku mbili kabla ya onyesho, Sindano alipita mlango wa nyuma akamkuta Mwashi amekaa ngazini na Twiga, msichana mrefu kuliko wote kambini, naye akitamaniwa na kundi lilelile. Twiga amemshika mikono, wanakunja kiatu pamoja, wanacheka. Sindano akageuka bila kuonekana. Alijiambia si kitu. Kesho yake mchana alifungua kitambaa chake, akavaa jozi mpya, akapanda juu ya vidole, na viatu vikazama. Ncha zilikuwa laini kama mkate uliolowa maziwa.

Alimkuta Mwashi kwenye korido, anatabasamu kama mtu aliyeacha zawadi mezani.

"Umeviona? Nimekupigia mimi. Nimekuondolea kazi."

"Umeniua," alisema Sindano, polepole. "Umenitengenezea viatu vya Twiga."

Tabasamu likaondoka. Alijaribu kusema kwamba alitaka kumshangaza, kwamba alimwomba Twiga amtolee viatu bwenini na amwonyeshe jinsi wasichana wanavyofanya. Lakini miguu ya Twiga ni migumu na inataka kiatu laini, na ya Sindano inajikunja kama upinde na inataka kiatu cha kuishika. Hilo Mwashi hakulijua. Sindano hakusubiri amalize. Alimwuliza kama Twiga amemtuma, au wamekubaliana wawili. Akaondoka kabla ya jibu.

Alimwomba mwalimu abadilishiwe mwenzake. Mwalimu alisema hapa hatuchumbiani, tunacheza, kapande jukwaani. Akapanda, kwenye mazoezi ya mwisho, na viatu vya zamani vilivyochoka, na ulipofika mnyanyuo mkubwa akafanya jambo ambalo mchezaji hamfanyii mwenzake. Hakuruka. Alisimama tu akaacha uzito wake wote mikononi mwa Mwashi. Naye Mwashi hakumwangusha. Alimpandisha hadi juu, uso ukimkunjamana, akamshusha taratibu, kisha akaenda kukaa pembeni ameshika bega.

Sindano alimpigia mama yake akilia. Alieleza yote, viatu, Twiga, mnyanyuo. Huko upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Alijua unavyovitaka viatu vyako?" aliuliza mama.

"Angejuaje?"

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Haya. Na wewe ulijua kuna bega?"

Sindano akafuta machozi. Mama alisema tu tepe zile atazishona tena, viatu vingine vitapatikana siku moja, akale chakula.

Akaenda jikoni, si kula, bali kuomba barafu. Huko alimkuta mpishi wa kambi amefunga mikono kifuani, amekasirika. Kwenye sinia, mbele ya oveni iliyo wazi, ilikaa jozi ya viatu vya zamani vya Sindano, iliyo nafuu kuliko zote, ndani yake imepakwa gundi. Mwashi alishika kiatu kimoja kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa haupandi vizuri.

"Mwambie mwenzio," mpishi alimwambia Sindano. "Mkate wangu utanuka miguu ya watu mpaka mwakani."

Mwashi alikuwa amemwomba Twiga amletee viatu hivyo kutoka bwenini, na Twiga alivileta bila maneno. Alikuwa amesikia kwamba gundi ikikaushwa kwa moto mdogo huirudishia ncha ugumu wake. Lakini safari hii alikuwa bado hajaviweka ndani. Alikuwa anamsubiri.

"Sitaki kukisia tena," alisema. "Nieleze unavyovitaka."

Sindano alivuta kiti. Akamwonyesha kwa kidole: hapa pawe pagumu, hapa pakunjike, pembeni kidogo tu. Alipomaliza alibaki ameangalia sinia.

"Lile bega ni mimi."

"Ni wewe," alikubali Mwashi. "Na vile viatu ni mimi. Lete barafu."

Mpishi alifunga mlango wa oveni mwenyewe, akinung'unika.

Siku ya onyesho mkurugenzi alikaa safu ya tatu na suti ya kijivu. Sindano alivaa nguo ya bluu nyepesi, sindano ya ukosini kampa Twiga amshikie. Viatu vilishika. Ulipofika mnyanyuo aliruka kwa nguvu zake zote, kuliko alivyowahi kuruka, ili bega lile libebe kilichobaki tu. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Mwashi alimwambia baadaye kwamba alidhani amemkosa.

Mkurugenzi alimtaka Sindano. Mwashi akaambiwa hapana, kwa upole: daktari wa kundi alikwishaligusa lile bega, na lilihitaji kupumzika mpaka msimu ujao. Sindano alitaka kwenda kusema kosa ni lake. Mwashi akamshika mkono, akamwambia bega lilikuwa bovu tangu siku ya barafu, na msimu ujao si mbali.

Akarudi kwao kufundisha watoto wa mtaani kwake kusimama wima, na simu zikawa ndefu, maana sasa hakukuwa na dirisha la kufungua. Umekula? Nimekula. Bega? Linapanda hadi sikioni. Siku lilipopanda hadi juu alimpigia asubuhi, akashindwa kusema kwa kucheka.

Siku ya mapumziko iliyofuata, Sindano alishuka kwenye basi mjini kwao Mwashi, gauni la njano, boksi kwapani. Kundi lilikuwa limempa viatu vyake vya kwanza vya kazi. Vigumu, vinanuka gundi, havijaguswa. Alimkuta Mwashi kwenye ngazi za darasa lake, akamwekea boksi magotini.

"Nimekuletea kazi."

Akafungua, akavitazama, akatazama mikono yake. Hakuvishika.

"Ncha?"

"Ncha usiiguse. Unyayo ndio uukunje, taratibu." Akakaa karibu naye, bega lililopona likimgusa. "Na ukimaliza, mama anauliza unakuja lini nyumbani kumwambia unataka nini."

Mwashi alichukua kiatu cha kwanza, akakikunja kidogo, akamtazama kuuliza kama ni sawa.

"Kaza kidogo," alisema Sindano. "Hapo hapo."